Mpanda Farasi kutoka Tukuyu

Jumamosi, 2 Agosti

Baridi. Upepo wa Kitengela, huku Kenya, unapita ndani ya koti kana kwamba sikuvaa kitu. Leo nimesema uongo. Mdogo tu. Ila ulianza kunenepa kabla hata ya chakula cha mchana.

Ilikuwa hivi. Kila Jumamosi tunampeleka binti yetu Subilaga kupanda farasi kwenye shamba la mama mmoja anaitwa Resian, nje ya mji, ukishaziacha nyumba za mwisho. Ana miaka kumi na mmoja na anakaa juu ya farasi kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Mimi husimama nje ya uzio. Mbali na uzio. Farasi ni mnyama mkubwa kuliko sababu yoyote ya kumkaribia.

Jirani yetu Mureithi naye humleta binti yake, Nyawira. Mureithi ana duka la vifaa vya ujenzi pale Noonkopir, ana gari refu, na ana picha moja akiwa juu ya farasi. Picha hiyo aliiweka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kisha akaiweka tena. Juzi aliiweka kututakia Alhamisi njema.

Leo, mbele ya wazazi wote, akaniuliza: huko kwetu Tanzania, kule Tukuyu milimani, watu hupanda nini zaidi ya migomba? Wazazi wakacheka. Atupele mke wangu akacheka, na yeye ni wa Tukuyu vilevile!

Nikajibu kwamba mimi nimepanda farasi tangu utotoni.

Nani alinituma? Hakuna. Mdomo ulifunguka wenyewe. Nikaongeza kwamba babu alikuwa na farasi wawili. Babu alikuwa na baiskeli. Moja. Haikuwa na kengele. Hata Subilaga aliwahi kuiona.

Resian akapiga makofi. Kumbe alikuwa akitafuta wazazi! Kuna mbio za familia Kajiado, tarehe kumi na sita, kwenye shamba la binamu yake Kuntai. Mtoto anazunguka uwanja, anarudi, anamkabidhi mzazi kitambaa, mzazi naye anazunguka. Mureithi akasema yeye na Nyawira wamo. Alisema akinitazama mimi.

Halafu Subilaga akaja hadi pale nilipo.

Lazima niandike hapa jambo moja. Tulipohamia huku mwaka jana kwa ajili ya kazi ya Atupele, watoto wenzake shuleni walimcheka Kiswahili chake. Akisema "samahani, naomba kupita," darasa zima linaanguka kwa kicheko. Akaacha kuongea. Shuleni, kisha nyumbani pia. Tulikuwa tumeshamwambia bibi yake atayarishe chumba, tumrudishe Tukuyu. Kisha akakutana na farasi, ambao hawajali lafudhi ya mtu. Sasa anaongea. Ila tangu wakati ule hajaniomba kitu chochote.

Leo ameomba. "Baba, tukimbie mimi na wewe?"

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

Ndani ya gari Atupele akauliza ni babu yupi huyo mwenye farasi. Nikasema wa upande wa mama. Akasema upande wa mama anaujua wote. Nikawasha redio.

Jumapili, 3 Agosti

Nina mpango. Farasi ni punda aliyefanikiwa, basi. Mtu akijua punda, farasi ni kupandishwa cheo tu.

Baada ya ibada nikapendekeza matembezi. Twende Bisil, tule nyama, tuione nchi ya watu. Atupele akanitazama kwa mashaka lakini akafunga viatu. Njiani mbuzi, vumbi, mbuni wawili. Subilaga akaimba. Siku njema kabisa.

Nyama ilipoletwa nikasema naenda chooni, nikaenda kutafuta punda. Nikamkuta mfanyabiashara wa mifugo anaitwa Saning'o ameketi kwenye jiwe. Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Sopa!", kwa kujiamini. Akajibu "Ipa," kisha akauliza kwa Kiswahili kama nimepotea. Nikamwambia nahitaji punda. Akauliza wa kununua? Hapana, wa kukalia. Kwa muda mfupi. Akafikiri sana. Akauliza kama ni daktari aliyenishauri.

Punda alikuwa mdogo, wa kijivu, mwenye macho ya huruma. Nilipanda bila shida! Nikasema twende. Hakwenda. Nikasema tafadhali. Saning'o akatoa sauti ndogo kwa midomo, kama mtu anayebusu hewa.

Punda akaondoka. Alikuwa anakwenda kwao. Kwao ni ng'ambo ya barabara, nyuma ya maduka, na njia ya kwao inapita mbele ya hoteli ya nyama. Nilimwona Atupele kabla hajaniona. Sikuwa na pa kujificha. Nikaamua kupunga mkono.

Atupele alikuwa ameshika ubavu wa mbuzi. Ulibaki hewani.

Niliporudi, kwa miguu, nikawaeleza kwamba punda yule alikuwa amepotea na mimi nilikuwa namsindikiza nyumbani. Subilaga akasema ni wema mkubwa. Atupele alicheka peke yake kutoka Bisil hadi Isinya.

Naandika nikiwa nimesimama.

Jumanne, 5 Agosti

Nimetafakari. Punda alikuwa kosa la mbinu. Mimi ni mtu wa maneno. Kazi yangu ni kutafsiri mikataba ya bima nikiwa nyumbani. Basi silaha yangu ni elimu. Nikafungua kamusi kubwa nikasoma kila neno la farasi. Hatamu. Lijamu. Kikuku, kile cha kuwekea mguu. Halafu nikapata lulu: ule mwendo wa farasi wa kudundadunda, usio wa kutembea wala wa kukimbia, kwa Kiswahili huitwa matiti. Farasi huenda matiti. Kamusi imesema, si mimi!

Mchana nikampeleka Subilaga mazoezini, shule zimefungwa. Mwalimu wao Leshan alikuwa katikati ya uwanja akipiga kelele, "Trot! Trot!" Nikaumia rohoni. Lugha nzima ipo, imekaa bure! Nikasogelea uzio nikapaza sauti:

"Mwalimu! Kwa Kiswahili sanifu, mwambie Nyawira aende matiti!"

Hata farasi walisimama.

Mwihaki, mke wa Mureithi, ambaye ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, akaweka kikombe chake chini taratibu. Nikaeleza kwamba ni neno la zamani. Nikaeleza kwamba limo kwenye kamusi. Nikataja na ukurasa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo wazazi walivyozidi kutazama viatu vyao.

Leshan akanijia polepole. "Mzee," akasema kwa upole kabisa, "hapa tunasema tu trot."

Mureithi akasema kwa sauti kubwa kwamba hiyo Kiswahili ya Tanzania iko na mambo mengi.

Nikamtafuta Subilaga. Alikuwa amejificha nyuma ya farasi wake. Nikaogopa nimemrudisha kwenye mambo yale ya shuleni. Nikachungulia. Alikuwa anacheka, ameshika tumbo, machozi yanamtoka. Afadhali.

Kundi la mtaa halijatulia tangu saa hizo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepewa farasi wangu wa mbio. Anaitwa Shemeji. Niliuliza kwa nini. Resian akasema kwa sababu hufika chakula kikiwa tayari na ukimaliza kumpa haondoki. Ni mkubwa, wa kahawia, ana baka jeupe usoni na tabia ya kukutazama kama anayekudai maelezo.

Mpango mpya: urafiki. Nilinunua sukari guru sokoni, nikaenda shambani wakati Leshan amekwenda kula. Nikampa Shemeji kipande. Akala. Macho yakalegea. Nikampa kingine. Tukaelewana. Nikageuza ndoo, nikapanda juu yake ili nimpande. Shemeji akasogea hatua moja. Nikasogeza ndoo. Akasogea tena. Tulizunguka banda lote hivyo, mimi na ndoo na Shemeji, kama watu wanaocheza ngoma ya kwao.

Mwishowe akasimama. Kwenye mguu wangu.

Nikamwomba kwa Kiswahili. Nikamwomba kwa Kinyakyusa. Alikuwa anatafuna tu, akitazama mbali. Resian akapita akanikuta nimesimama wima, uso umeniiva, akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hapana, tunazoeana. Akasema, "Baba Subi, Shemeji amekupenda. Hajawahi kusimama na mtu hivyo." Sukari niliyobeba ilipokwisha ndipo akainua kwato.

Nyumbani nikamwambia Atupele nimekanyagwa na Shemeji. Akashtuka, akauliza kaka yake amefika lini na kwa nini hakupiga simu.

Jumamosi, 9 Agosti

Hakuna mazoezi leo, farasi wanapigwa chanjo. Mureithi akapendekeza familia zetu mbili ziende matembezi, barabara ya Namanga, tubebe chai na viazi. Nikakubali haraka. Nia yangu ilikuwa upelelezi.

Kwa sababu nimeanza kushuku. Tangu tumfahamu sijamwona Mureithi akigusa farasi hata mmoja. Ile picha yake, ukiikuza, kuna vidole vya mtu pembeni vimeshika hatamu.

Tukaegesha mahali palipoinuka, hewa safi. Nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, mguu gani hutangulia kwenye kikuku. Akasema inategemea farasi. Nikamuuliza ile picha alipigwa wapi. Akaliruka swali. Akanyoosha kidole kusini. "Angalia mlima wetu leo vile umetoka!"

Wetu!

Kilimanjaro ilikuwa imekaa pale mbele, nyeupe juu, haina habari na mtu. Nikamwambia Mureithi mlima huo uko Tanzania, tangu mguu hadi kichwa. Akasema mtu akitaka kuuona vizuri anasimama wapi? Kenya! Nikasema hata mke wa jirani unaweza kumwona vizuri ukiwa kwako. Hilo halikutoka kama nilivyolipanga. Mwihaki akaacha kumenya viazi. Atupele akaomba radhi kwa niaba ya taifa.

Tukabishana hadi wingu likaja likaufunika mlima wote. Mwihaki akasema hata wenyewe umeona aibu. Subilaga na Nyawira walikuwa juu ya boneti ya gari, wanakula viazi vyetu sisi wote, wanatuiga. Subilaga alikuwa Mureithi. "Si unaona vile umetoka!" Kikenya kitupu, hata mabega alitikisa kama yeye. Nyawira alikuwa mimi. Sikujua kwamba mimi huinua kidole kiasi hicho.

Ila swali langu halikujibiwa. Nimelitia akilini.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefika mahali pa kukiri kwamba sitaweza kumpanda yule mnyama. Nakiri hapa tu. Kwa hiyo: ajali.

Asubuhi nikaanguka getini. Nilichagua mahali penye nyasi. Nikapiga ukelele, nikaingia ndani nikichechemea, nikafunga kifundo cha mguu kwa kitenge cha Atupele na kulala kwenye kochi. Nikaugulia kwa kipimo. Ukizidisha unapelekwa hospitali.

Subilaga akaniletea chai. Akaketi karibu na mguu wangu. Akasema si neno, afya kwanza, mbio zitakuwepo tena siku nyingine. Hakulia wala hakununa. Akatoa mfukoni vitambaa viwili vyekundu vya kufunga mkononi, amevishona mwenyewe kwa uzi mweupe. Kimoja kimeandikwa SUBI. Kingine BABA. Akavikunja vizuri, akavitia kwenye droo ya meza, akaifunga polepole ili isinisumbue.

Nikatazama dari. Dari yetu ina ufa nilikuwa sijauona.

Jioni Mureithi, Mwihaki na Nyawira wakaja kunipa pole, na papai. Mureithi akasema nisiwe na wasiwasi. Amezungumza na Resian. Atakimbia mara mbili, kwanza na Nyawira kisha na Subi, yeye hachoki. Akakiona kitambaa Subilaga alipofungua droo kumwonyesha Nyawira. Akauliza, hiyo yenye imeandikwa BABA si anaweza kuvaa yeye tu?

Mwihaki akasema tuombee mguu kwanza. Akaweka mkono juu ya kile kitenge, akafumba macho. Kabla hajafika amina nilikuwa nimesimama. Nimesimama kabisa! Nikakanyaga. Nikaruka mara moja, kwa mguu uleule, nikaichukua droo nzima nikaikumbatia.

Mwihaki akapiga kelele ya kumshukuru Mungu. Anasema anahisi joto kwenye kiganja. Anataka nitoe ushuhuda Jumapili. Mureithi akaketi, akaomba maji.

Atupele alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alikuwa amejifunika uso kwa aproni na mabega yanatikisika. Mwihaki alidhani ni machozi ya furaha.

Alhamisi, 14 Agosti

Nafanya mazoezi kwenye mkono wa kochi. Mgongo wima, visigino chini. Naendelea vizuri sana. Kochi halijanirusha hata mara moja.

Jumamosi, 16 Agosti

Lazima niandike leo leo.

Kajiado. Jua kali, upepo baridi, vyote kwa pamoja. Shamba la Kuntai lilijaa watu: mahema, shuka nyekundu, kofia za jua, akina mama wakikaanga mandazi kwenye hema la pembeni. Uwanja mpana, na mwisho wa uwanja tangi la maji ambalo wapanda farasi hulizunguka. Kuntai mwenyewe alikuwa na kipaza sauti na hakuwa na nia ya kukiachia.

Nilivaa helmeti, nikafunga kitambaa changu. Mfukoni nilitia sukari guru yote iliyobaki. Kwa ajili ya uhusiano mwema.

Watoto wakaondoka. Sijawahi kuona kitu kama kile. Subilaga aliinama shingoni mwa farasi wake, akapiga shoti moja kwa moja hadi kwenye tangi, akalizunguka kwa karibu mpaka nikafumba macho, na nilipofumbua alikuwa njiani kurudi, wa kwanza, mbali na wenzake, anacheka kwa mdomo wazi. Watu wakasimama. Kuntai akauliza kwenye kipaza sauti huyu ni mtoto wa nani. Nilitaka kujibu. Lakini nilikuwa juu ya Shemeji, ambako nilipandishwa na Leshan na mtu mwingine, na sikutaka kuachia chochote nilichoshika.

Akanipa kitambaa cha kukabidhiana. "Nenda, Baba!"

Nikasema twende. Shemeji akageuza shingo, akaweka pua kwenye mfuko wangu. Nikasema twende! Akaanza kuufuata mfuko. Mfuko uko kwenye suruali, suruali iko juu yake. Tukazunguka pale pale. Tukazunguka tena. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo.

Hapo ndipo akili iliponijia. Nilitoa kipande cha sukari nikakitupa mbele. Shemeji akakifuata, akala. Nikatupa kingine. Akafuata. Tulikuwa tunakwenda! Wazazi wengine wakafika kwenye farasi zao, wakapanda, wakatupita kwa vumbi. Sikujali. Kipande, hatua. Kipande, hatua.

Mureithi akanipita. Sitasahau. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya farasi wake, amekumbatia shingo kwa mikono miwili, macho amefumba, anataja jina la Bwana. Hakuwa anaendesha. Alikuwa anahama. Farasi wake hakulitazama tangi hata kidogo. Alikata kona peke yake, akavuka uwanja, akaingia moja kwa moja kwenye hema la mandazi. Tulisikia sufuria. Kisha tukasikia sauti ya Mwihaki. Kuntai akatangaza kwamba mzazi mmoja ameamua kwenda chai kwanza.

Ningecheka. Lakini wakati huohuo niliingiza mkono mfukoni nikakuta mfuko mtupu.

Shemeji akasimama. Nusu ya njia. Tangi bado liko mbele, watu wote nyuma, mimi katikati kama kibao cha barabarani. Wazazi wengine walikuwa wameshazunguka, wanarudi, wanamaliza. Kuntai akasema, "Na huyu naye ni nani amepaki hapo katikati?"

Watu wakacheka. Kicheko kile niliwahi kukisikia. Ndicho kile ambacho mwanangu alikuwa akikisimulia mwaka jana, kabla hajaacha kusimulia. Nikaogopa kugeuka kumtazama. Nikafikiri: sasa ana aibu ya pili, na hii nimemletea mimi.

Nikasikia hatua kwenye nyasi. Subilaga, kwa miguu, helmeti mkononi. Hakuwa anakimbia. Alikuja akasimama mbele ya Shemeji, akanitazama juu.

"Baba. Umewahi kupanda farasi kweli?"

"Farasi wa kwetu walikuwa wa aina nyingine," nikasema.

Akaniangalia. Mdomo ukamcheza. "Waliitwa akina nani?"

Nikafikiri haraka.

"Baiskeli?" akauliza.

Akacheka, akainama hadi magoti, akacheka. Nilidhani atashika hatamu anivute mbele ya watu wote. Hakushika. Akasema, "Usitazame chini. Nitazame mimi. Visigino chini. Usiminye kwa magoti, anadhani unamwambia asimame." Kumbe nilikuwa namwambia asimame! Muda wote!

Nikalegeza magoti. Akaanza kutembea kinyumenyume, ananitazama, nami namtazama. Shemeji akapumua, akainua mguu, akafuata. Tukalizunguka tangi. Tukageuka. Upande wa kurudi Subilaga akaanza kukimbia taratibu mbele yetu, na Shemeji naye akaanza ule mwendo ambao siutaji jina tena. Nikarukaruka kama gunia. Yeye anapiga kelele, "Juu, chini! Juu, chini!" na ghafla, sijui ni nini kilitokea, nikawa juu farasi alipokuwa juu na chini alipokuwa chini. Mwili wangu na wa Shemeji ikakubaliana. Kwa kipande kifupi cha uwanja, mimi, Nelson, nilikuwa napanda farasi.

Watu walikuwa wameacha kucheka. Wengine walikuwa wanaimba "Baba! Baba!" kwa sababu ndivyo kitambaa changu kilivyoandikwa.

Tukavuka mstari. Kuntai akamwinamia Subilaga na kipaza sauti, akamwuliza huyu mzee uliyemleta ni nani. Nikaona bega lake likipanda kidogo, kama zamani pale darasani anapoitwa kusimama. Kisha likashuka. Akasema, uwanja mzima ukasikia:

"Samahani kwa kuwachelewesha. Huyu ni baba yangu. Leo ni mara yake ya kwanza."

Kwa Kiswahili kilekile cha Tukuyu, kila silabi mahali pake. Hakuna aliyecheka. Walipiga makofi hadi Shemeji akarudi nyuma. Nyawira alikuwa anarukaruka. Atupele alikuwa amekaa chini kwenye nyasi kabisa, analia na kucheka, sijui kipi kilitangulia.

Kumbukumbu: Mureithi hakumaliza. Kwa hiyo mimi sikuwa wa mwisho. Nilimwomba Kuntai alitangaze hilo. Amekataa.

Jumapili, 17 Agosti

Siwezi kukunja miguu. Kanisani nilisimama ibada nzima na Mwihaki akadhani ni uchaji.

Jioni Mureithi akaja. Naye anatembea kama mkasi uliofunguka. Shati lake lina alama ya mafuta ya mandazi ambayo hayatoki. Tulikaa, tukatazamana, tukaanza kucheka hadi Atupele akaja kuuliza kuna nini. Akaniambia wazi kwamba ile picha yake ilipigwa kwenye harusi, alikaa juu ya farasi yule kwa muda wa picha moja tu, akashushwa na watu. Ni jirani mwema. Nampenda. Tukakubaliana tusiringishiane tena, sisi ni watu wazima, na mlima tuuache ulipo.

Niliona jinsi mambo yanavyokuwa mepesi mtu akisema ukweli. Nilikusudia kuandika hivyo hapa usiku huu, na niishie hapo.

Halafu Resian akapitia. Amekuja kumpongeza Subilaga, akapewa chai. Akatuambia kwamba Desemba anaandaa safari ya familia, tambarare kwa tambarare, kulala kwenye hema, na safari hii si farasi. Ni ngamia. Angependa awe na mzazi mmoja mwenye uzoefu wa kutangulia mbele. Je, kuna yeyote kati yetu aliyewahi?

Mureithi akanywa chai yake, akatazama ndani ya kikombe. Heshima kwake! Akanyamaza.

Ila alinyamaza kwa namna fulani. Kama anayesema, huyu naye hawezi.

Nikasikia sauti ikisema kwamba Tukuyu ngamia ni kama kuku, wanalala mlangoni. Tukuyu, ambako mvua hunyesha hadi vyura wanachoka! Ilikuwa sauti yangu.

Mureithi akaweka kikombe chini. Akasema hata kwao Nyeri walikuwa nao. Wengi. Wa maziwa.

Resian akafurahi sana, akatuandika wote wawili. Atupele alitoka nje akaenda kuegemea ukuta. Subilaga akaniletea glasi ya maji bila kuombwa, akaniuliza kama ngamia wa kwetu nao walikuwa na kengele.

Sina wasiwasi. Nimeshafanya utafiti. Nilimpigia mtu mmoja simu nikamwuliza kama mzaha tu: ngamia hupandwa akiwa amesimama? Akasema hapana, hupandwa akiwa amelala.

Amelala! Sasa kitu kinachopandwa kikiwa kimelala kitanishindaje?